Dai la Fidia Likikataliwa, Uliza Sababu

Wewe wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, uliyeamka na baridi hii kuja kufungua kibanda, karibu tukae pamoja kwa dakika chache. Kama nyumbani kuna mtu aliyeumia kazini, mwite asogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni yake.

Tunamzungumzia mtu aliyeumia kazini, akabaki na ulemavu, akadai fidia, kisha akapokea barua inayosema dai lake limekataliwa. Au halikukataliwa lote, ila amepewa kidogo kuliko anachoona ni haki yake. Afanye nini? Aikunje barua aiweke chini ya godoro? Aseme basi, ndiyo imeshatoka? Au kuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuitazama upya?

Yupo, msikilizaji. Tena mwisho wa njia hiyo kuna jaji. Lakini kabla hujamfikia jaji kuna mambo matatu ambayo nitayarudia leo mpaka uyajue kwa moyo. La kwanza, uliza sababu. La pili, hesabu siku. La tatu, tunza karatasi. Sababu, siku, karatasi. Tukimaliza hayo, tutakuwa tumemaliza kazi ya leo.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Chukulia kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao kule Mafinga. Msumeno umemkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Chukulia mama anayechuma chai Mufindi, ameteleza kwenye mtaro na nyonga haijawahi kurudi sawa. Chukulia taniboi wa lori la kwenda Tunduma, gari limepinduka mteremkoni na mguu umebaki mfupi. Chukulia mpakuzi wa mbolea ghalani ambaye mgongo umegoma. Hawa ni watu tunaopishana nao kila siku pale Kabwe wakisubiri daladala. Walikuwa na nguvu, nguvu ikaishia kazini, na nyumbani watoto bado wanaulizia ada.

Je, sheria inasemaje juu yao? Tanzania Bara tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008. Ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ambao wengi tunauita WCF. Mfuko ulianza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia sheria iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni. Mwajiri alitakiwa kulipa mwenyewe, viwango vilikuwa vimepitwa na wakati, na mfanyakazi aliyeumia alibaki kumbembeleza tajiri yuleyule aliyemwajiri. Sasa mambo yamebadilika. Mwajiri anachangia kwenye Mfuko kila mwezi, na mchango huo ni wake peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara wako kwa jina la fidia hii, hiyo si sawa.

Mfuko unalipa nini? Unagharamia matibabu. Unalipa sehemu ya mshahara wako wakati huwezi kufanya kazi kwa muda, asilimia 70, hadi miezi 24. Unalipa fidia ya ulemavu wa kudumu. Unamsaidia anayemhudumia mtu asiyejiweza. Unamrudisha mgonjwa kwenye kazi au ufundi mwingine anaoumudu. Na mfanyakazi akifariki, unawalipa wategemezi wake. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapodai hapo huombi sadaka. Unadai haki iliyokwisha kulipiwa mchango.

Sasa, kwa nini dai linakataliwa? Tuzitazame sababu za kawaida.

Sababu moja ni kwamba ajali haikuonekana kutokana na kazi. Sheria inataka uumie ukiwa kazini, na kwa sababu ya kazi. Kijana wa mbao akisema tu kwamba aliumia, na hakuna aliyeandika alikuwa zamu gani, kwenye mashine gani, saa ngapi, anayesoma faili ofisini atajuaje?

Sababu nyingine ni kuchelewa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali. Na dai lenyewe linatakiwa kufika ndani ya miezi 12. Unaona miezi 12 ni mingi? Mtu aliyevunjika mguu anaimaliza akiwa kwenye magongo, huku akiambiwa na msimamizi, "Tulia, tutalishughulikia."

Sababu ya tatu ndiyo inayoumiza kimyakimya, kwa hiyo naomba uisikilize vizuri. Ni kiwango cha ulemavu. Daktari anapima na kuandika kwamba ulemavu wako ni asilimia fulani. Ukiwa na asilimia 30 au chini ya hapo, unalipwa fedha ya mkupuo, mara moja, basi. Ukizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Umeona uzito wake? Mtu aliyeandikiwa 28 na mtu aliyeandikiwa 32 wametofautiana kwa namba ndogo sana kwenye karatasi. Lakini mmoja amepewa fedha itakayokwisha, na mwenzake ana uhakika wa kila mwezi. Kwa hiyo barua inayosema umekubaliwa nayo isome yote. Wapo watu wanaofurahia kukubaliwa, kumbe palipopaswa kuhojiwa ni pale penye asilimia.

Hapo ndipo linapoingia neno letu la kwanza: uliza sababu.

Barua ikikwambia hapana, au ikikwambia asilimia 28, usiulize tu "kwa nini mimi?" Andika uulize: mmetumia taarifa gani, ya daktari yupi, ya tarehe gani, na kifungu kipi cha sheria? Kuna watu wanaogopa. Wanaona kuuliza ni kumgombeza mkubwa. Hapana. Kupewa sababu ni sehemu ya kutendewa haki, na mahakama zetu zimesema hivyo kwa sauti kubwa.

Mahakama Kuu iliwahi kuamua shauri, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1996, kati ya kampuni ya Tanzania Air Services na Waziri wa Kazi. Waziri alikuwa ametoa uamuzi katika mgogoro wa kazi, na hakueleza sababu. Jaji Kiongozi wa wakati huo, Barnabas Samatta, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, akasema mwenye mamlaka ya kuamua haki za watu anapaswa kueleza sababu zake, hata pale sheria isipomtamkia waziwazi kufanya hivyo. Uamuzi wa Waziri ukatenguliwa. Aliyelalamika siku ile alikuwa mwajiri, msikilizaji, lakini kanuni haichagui. Iliyomlinda mwenye kampuni ndiyo inayomlinda mchuma chai.

Na lipo shauri jingine lililotoka hukuhuku kwetu, ambalo mawakili wa nchi nzima wanalitaja mpaka leo. Ni lile la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kusikilizwa kabla ya kuamuliwa si desturi tu tuliyorithi kwa Waingereza. Imo ndani ya Katiba yetu, ibara ya 13, ibara ndogo ya 6. Uamuzi unaokugusa ukitolewa bila wewe kusikilizwa, hausimami. Na ibara hiyohiyo inakupa haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria, si dhidi ya mahakama peke yake, bali hata dhidi ya chombo kingine kilichoamua haki zako. Mfuko ni chombo. Waziri ni mamlaka. Wote wako chini ya ibara hiyo.

Kwa hiyo narudia: uliza sababu, na uulize kwa maandishi. Jaji hawezi kupima sababu ambayo hakuna aliyeiandika.

Tukishapata sababu, tunapanda vipi? Huu ni utaratibu, na utaratibu una ngazi. Anza na ofisi ya Mfuko yenyewe, uiombe iangalie tena ikiwa una karatasi mpya au kuna jambo lililorukwa. Kisha iko ngazi ya Waziri mwenye dhamana ya kazi. Asiyeridhika na Waziri anakwenda Mahakama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahakama Kuu. Na Mahakama Kuu ipo hapa Mbeya, na ipo Iringa. Baada ya hapo, kwa hoja ya kisheria tu, kuna Mahakama ya Rufani.

Utauliza, mbona tusiende moja kwa moja kwa jaji? Jirani zetu Wakenya wamelijibu swali hilo kwa gharama kubwa. Wana sheria yao ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Inasema dai lianzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, asiyeridhika apeleke pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo, kisha ndipo aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Watu wengi walizoea kwenda moja kwa moja kwa hakimu. Kesi ya kuipinga sheria hiyo ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Desemba 2019 majaji wakaithibitisha sheria: anza kwa Mkurugenzi. Mashauri mengi yaliyofunguliwa mahali pasipo pake yakakwama. Hata kwetu, ukiruka ngazi, jambo la kwanza utakaloulizwa mahakamani ni: umekwisha kupita kule?

Sasa jaji akilipokea shauri, anafanya nini hasa? Hapa watu wengi wanachanganya. Wapo wanaodhani jaji atawavua shati ajionee kovu. Nikupe mfano wa sokoni. Mnunuzi na mkulima wanagombania uzito wa gunia la viazi. Afisa wa vipimo akija, hanunui viazi na hapangi bei. Anatazama mizani ni sahihi au imechezewa, na gunia limepimwa au limekadiriwa kwa macho kama lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi. Jaji anayepitia uamuzi wa mamlaka anafanya kazi ya namna hiyo.

Anauliza: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alimsikiliza huyu mtu? Alitazama mambo yote yaliyopaswa kutazamwa, au taarifa ya daktari bingwa iliachwa ndani ya bahasha? Alitumia sheria ipasavyo? Alitoa sababu zinazofanana na ushahidi uliokuwa mezani?

Mahakama ikiona kasoro, mara nyingi haikukabidhi fedha siku hiyohiyo. Inautengua uamuzi na kuamuru suala lirudi likaamuliwe upya, safari hii kwa kufuata sheria. Naomba usilione hilo kuwa ushindi mdogo. Kurudishwa kwa faili maana yake ni kwamba ofisi sasa inalazimika kulisoma lile ililoliruka.

Ipo pia njia nyingine, ya kuiomba Mahakama Kuu iutengue uamuzi wa mamlaka ya umma pale ambapo sheria haikuweka rufani. Njia hiyo inaanza kwa kuomba kibali, na kibali kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Kabla hujaichagua, ongea na mwanasheria, maana ukikosea mlango muda unakwenda.

Na hapo tumefika kwenye neno la pili: hesabu siku.

Siku unayopokea barua, andika tarehe juu ya bahasha. Siku hiyohiyo, si kesho yake. Muda wa kukata rufani unahesabiwa, na ukipita, kabla ya kusikilizwa juu ya mguu wako utatakiwa kwanza kueleza kwa nini ulichelewa. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi, na shauri la Lyamuya Construction ndilo linalotajwa sana, kwamba mwombaji wa nyongeza ya muda atoe maelezo ya kipindi chote cha kuchelewa kwake. Siku zote, si baadhi. Ukisema uliumwa, onyesha cheti cha hospitali. Ukisema ulikuwa ukisubiri nakala, onyesha barua uliyoiombea nakala. "Nilikuwa nahangaika" ni kweli, nakuamini, lakini mahakamani kuhangaika kunathibitishwa kwa maandishi.

Ndipo neno la tatu: tunza karatasi. Na hili, msikilizaji, ndilo ninalolibeba moyoni kuliko yote. Naamini kabisa kwamba madai mengi hayashindwi mahakamani. Yanashindwa wiki ya kwanza, mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, kazi hii ni yako. Ajali ikitokea, mjulisheni mwajiri kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ukifika hospitali, mweleze daktari kwamba ameumia kazini, ameumiaje, na omba hilo liandikwe kwenye faili. Neno "alianguka" na maneno "alianguka akipakua mbolea ghalani" yana nguvu tofauti kabisa mbele ya jaji. Kama ni ajali ya barabarani, tunza fomu ya polisi ya PF3 na taarifa ya polisi wa usalama barabarani. Tunza mkataba kama upo. Kama ulikuwa kibarua bila mkataba, tunza ujumbe wa malipo kwenye simu, kitambulisho cha kazi, daftari la mahudhurio, picha ukiwa na sare. Andika majina na namba za simu za wenzako walioshuhudia, kabla hawajahamia mashamba mengine. Kisha weka vyote pamoja, na nakala kwa mtu wa pili.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu jaji anayepitia uamuzi anasoma kilichokuwa mbele ya aliyeamua. Karatasi ambayo haikuwahi kufika kwenye faili ni vigumu sana kuiingiza baadaye.

Najua kuna mtu anasema, "Wewe unaongea tu, mahakama ni ya wenye fedha na Kiingereza." Nakuelewa. Lakini sikiliza haya. Tangu mwaka 2021 sheria imebadilishwa, na Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Una haki ya kuelewa kinachosemwa juu ya mwili wako. Pili, Mahakama ya Kazi inakuruhusu kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na wakili, au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Kwa watu wa mashambani kuna TPAWU, viwandani na biashara kuna TUICO, serikali za mitaa kuna TALGWU. Ada unayokatwa kila mwezi iwe na kazi, nenda ukaitumie. Tatu, tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria kwa wasio na uwezo. Ulizia kwenye halmashauri yako.

Na hapohapo nikuonye: wapo vishoka. Mmoja anakuja na begi, anasema ana mtu ndani, mpe chochote na barua yako halisi. Usimpe. Barua halisi haitoki mkononi mwako. Mpe mtu nakala.

Kabla sijamaliza, sitaacha kuwataja wenzetu wengi wa hapa Mwanjelwa: mama lishe, bodaboda, wabeba mizigo, machinga. Mfuko huu umejengwa kwa ajili ya walioajiriwa. Anayejiajiri akivunjika mgongo na mzigo wa viazi, hana mwajiri wa kumchangia. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unapokea wanachama wa hiari waliojiajiri, na nakushauri ukaulizie. Lakini nasema bila kuficha kwamba hilo halitoshi. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Haikusema aliyeajiriwa tu. Mbeba mizigo naye ni mtu, na mgongo wake ndio unaolisha mji huu. Ni wajibu wetu kulisema hilo kwa wawakilishi wetu mpaka litendeke.

Kwa waajiri, nawaomba: toeni taarifa ndani ya muda. Karatasi moja mnayoichelewesha inaweza kumnyima mtu fidia aliyostahili. Kwa madaktari wetu: andikeni chanzo cha jeraha, andikeni kwa ukamilifu, maana maneno yenu yatasomwa na mtu ambaye hatamwona mgonjwa. Kwa maafisa mnaoandika barua za kukataa: andikeni sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anayekataliwa akielewa kwa nini, atajua kama akubali au akate rufani.

Tukumbushane basi, msikilizaji. Dai likikataliwa, au likikubaliwa pungufu: uliza sababu, kwa maandishi. Hesabu siku, tangu tarehe uliyopokea barua. Tunza karatasi, tangu siku ya ajali. Sababu, siku, karatasi. Mfundishe na jirani yako leo, kabla hajaumia.

Na kama barua hiyo unayo nyumbani, itoe ulikoiweka, itazame tarehe, na kesho asubuhi nenda kwa kiongozi wa chama chako au msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe.